Pengo la Juu Limehamia Chini

Jumatatu, 3 Machi

Nina kazi! Kazi isiyo na mazungumzo!

Niandike kwa utaratibu. Tangu nimalize shule, mama amekuwa akinitazama kama kiti kilichokosa mahali pa kuwekwa. Mjomba, kaka yake, ana duka la simu na anatafuta mtu wa kusimama mlangoni na kipaza sauti awaite wateja. Amenipendekeza mimi. Mimi, ambaye darasani niliitikia jina langu kwa kuinua kidole kwa sababu kusema "nipo" kulinitoa jasho.

Basi Mungu si wa mtu mmoja. Daktari wa meno anayemtibu mama anataka mtu wa kutunza tangi la samaki kwenye chumba cha kusubiri. Yeye anasafiri kwenda mafunzoni. Akirudi Ijumaa ya tarehe 14 na kukuta samaki wote salama, kazi ni yangu. Akikuta vinginevyo, ni kipaza sauti. Mama ametamka hivyo mwenyewe, na mama harudii neno.

Samaki hawasalimii. Hawaulizi matokeo ya mtihani yanatoka lini. Kazi hii iliumbwa kwa ajili yangu.

Wako saba. Daktari amewapa majina ya kimeno. Chonge ni samaki mpiganaji, mwekundu, mapezi marefu kama pazia la sebuleni, roho mbaya. Gego ni mweusi, mzito, mdomo uko chini ya kichwa. Kazi yake ni kujibandika kwenye kioo na kukifyonza. Wengine ni gapi watano, wadogo, mikia kama feni, wote madume. Wanne ni wa manjano na hata daktari hawatofautishi, kwa hiyo anawaita Meno ya Maziwa. Wa tano ni wa buluu. Mkia wake umekatika kipande kwa juu. Huyo ndiye Pengo, kipenzi cha kliniki nzima.

Maagizo ya daktari: chakula kidogo, mkono mwepesi, basi. Hayo si maagizo, hiyo ni kwaheri.

Kuna karani wa mapokezi. Jina lake silijui na kumuuliza siwezi. Namwita Dada Subiri, maana ndilo neno analowaambia wagonjwa wote. Ameniambia kwamba tangi hili limekwenda miaka mitatu bila mtaalamu. Neno "mtaalamu" alilitoa kama mtu anayetema kokwa.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: usafi.

Nimefungua chujio. Ndani kuna sponji. Kahawia! Inateleza! Inanuka kama mfereji! Nimeona aibu kwa niaba ya daktari. Mtu anayefundisha watu kupiga mswaki!

Nimeiosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto mara nne, mpaka ikawa nyeupe kama koti lake. Kokoto nimezichemsha. Maji yote nimemwaga, nimejaza mengine ya bombani. Samaki walingoja kwenye ndoo, Chonge akawekwa kwenye jagi peke yake, kwa sababu za usalama. Gego aligoma kubanduka. Tumevutana dakika kumi, kwa heshima.

Dada Subiri aliuliza kama daktari ndiye aliyenituma kufanya yote hayo. Nikatikisa kichwa kwa namna inayoweza kuwa ndiyo au hapana.

Tangi linang'aa. Mgonjwa mmoja alidhani halina maji. Huo ndio utaalamu.

Jumatano, 5 Machi

Samaki wananipenda. Nikikaribia kioo wanakuja mbio. Nimewapa chakula asubuhi, wakala. Saa nne wakaja tena mbio, nikawapa tena.

Baadaye nikamwona Dada Subiri akiwamiminia kutoka kwenye kopo lake mwenyewe, analolificha kwenye droo. Kumbe naye! Walimkimbilia kama wanavyonikimbilia mimi. Hasira gani! Mchana nikawapa mara mbili ili wasinisahau. Jioni naye akawapa, akinitazama usoni.

Daftari langu la biolojia linasema tumbo la samaki mdogo ni kama ukubwa wa jicho lake. Nimesoma hayo nikiwa nimeshafika nyumbani.

Pia leo nimemlilia Gego. Alikuwa amelala chini, hatingishiki, macho wazi. Nilipokwisha kufuta machozi akaondoka zake. Samaki hana kope. Hulala macho wazi. Nilijua! Niliandika hivyo kwenye mtihani!

Ijumaa, 7 Machi

Maji yamekuwa meupe. Si meupe ya usafi, meupe ya maziwa yaliyotiwa maji.

Samaki wote wako juu wakifungua na kufumba midomo. Nimerudi kwenye daftari. Maji huingia mdomoni mwa samaki, hupita kwenye matamvua, zile nyuzi nyekundu chini ya kifuniko cha shavu, na hapo ndipo hewa huchukuliwa, kisha maji hutoka. Sasa mbona matamvua yao yamekuwa mekundu kuliko kawaida, tena yanapepea kama mtu aliyepanda ngazi?

Mgonjwa mmoja mzee amechungulia akasema hata samaki wa hapa wanaogopa ile mashine ya kutoboa meno. Chumba kizima kikacheka. Nikajifanya natafuta kitu chini ya kabati. Nimekaa huko robo saa.

Mpango wa pili: usafi zaidi. Nimemwaga maji yote tena, nikajaza ya bombani tena, na sponji nikaiongezea sabuni.

Dada Subiri amesema, "Mdogo wangu, hao samaki, au nguo?"

Jibu limenijia saa kumi na moja, nikiwa njiani. Lilikuwa zuri sana.

Jumamosi, 8 Machi

Pengo amekufa.

Nimemkuta asubuhi, tumbo juu. Jana alikuwa akiogelea upande upande, nikadhani ni kibofu cha hewa, kile kinachomfanya samaki asizame wala asielee. Nilikichora vibaya shuleni, nikanyimwa alama moja. Labda ni adhabu.

Nimemweka kwenye kisanduku cha kiberiti, kisanduku nikakitia mfukoni. Dada Subiri hakuona. Nilisimama mbele ya kioo asubuhi yote nikifuta mahali pamoja.

Nyumbani mchana, mama amesema mjomba ameshanunua betri za kipaza sauti.

Nimekimbia hadi kwa fundi wa samaki, mtu anayeuza samaki wa mapambo na matangi. Kwa kuwa siwezi kusema mambo kama haya mbele za watu, niliandika swali kwenye karatasi, nikamsukumia juu ya kaunta. Nikadhani mambo yamekwisha. Yule bwana akavaa miwani, akasoma kwa sauti, duka zima likisikia: "Nimeosha sponji kwa sabuni, nimechemsha kokoto, nimebadilisha maji yote mara mbili. Kwa nini wanakufa?"

Mama mmoja akasema maskini. Sijui alimaanisha samaki au mimi.

Fundi akauliza sponji ilikuwa na rangi gani. Nikamwambia kahawia. Akashika kichwa. Akasema uchafu wa samaki hugeuka sumu majini, na ndani ya ile kahawia ndimo wanamoishi vijidudu wanaoila sumu hiyo. "Binti yangu, umefukuza wafanyakazi wote ukabaki na jengo!" Tena maji ya bombani yana dawa ya kuulia vijidudu, ni lazima yakae ndooni siku nzima kwanza, tena ndoo ikiwa wazi. Na nisibadilishe yote, sehemu moja tu katika tano. Na chakula kidogo.

Chakula kidogo, mkono mwepesi. Kwa hiyo yale yalikuwa maagizo.

Amenipa kipande cha sponji chafu kutoka tangi lake nikakitie ndani ya chujio letu, ili vijidudu waanze upya. Nikaomba na gapi dume mmoja, wa buluu. Akasema dume huyu ameshazoeana na majike wake wawili, nikimtenga nitamtia huzuni. Nilitaka kusema hapana. Ikatoka asante.

Nimetoka dukani na samaki watatu na kipande cha uchafu. Nauli ya wiki nzima imebaki pale. Nimerudi kwa miguu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika kabla ya Dada Subiri. Nimeuacha mfuko wa samaki uelee juu ya maji nusu saa ili joto lilingane, kama fundi alivyosema. Uchafu nimeutia chujioni kwa vidole viwili, uso nimeugeuza pembeni.

Tatizo: Pengo mpya ana mkia mzima.

Daftari linasema pezi likikatika huota tena. Kwa hiyo kulikata si dhambi kubwa. Nimeshika mkasi, nimemtazama, amenitazama, hana kope. Nimeweka mkasi.

Kumbe sikuwa na haja. Sikumaliza hata kufunga mfuniko, Chonge akaja kama mshale na kuung'ata ule mkia. Kipande kimoja safi! Nusura nimpigie makofi.

Ameng'ata chini.

Chini! Pengo lilikuwa juu! Nimesimama pale nikimwonyesha Chonge kwa kidole: juu, juu! Mgonjwa aliyekuwa ameingia kuuliza choo akadhani namwelekeza yeye. Akapanda ghorofani, akarudi baada ya robo saa akiwa hana utani.

Dada Subiri ametazama tangi kwa muda mrefu. Amesema Pengo amenenepa. Nikasema ni hewa. Akauliza na hao wawili wa kijivu ni nani. Nikasema ni wageni. Hilo ni neno la kweli na sitalirudisha.

Jumanne, 11 Machi

Kazi ya leo: kutofanya kitu. Sijawahi kuchoka hivi.

Maji yameanza kufunguka kidogo. Mikono inawasha. Kioo kina alama ya kidole pembeni, naiona, siigusi. Jana jioni nilijaza ndoo ya maji ili yalale. Nikaandika karatasi, nikaibandika: MAJI HAYA YAMEPUMZIKA.

Leo nimefika, ndoo tupu, sakafu inang'aa. Dada Subiri amepigia deki maji yangu! Akasema kama yamepumzika basi yalikuwa tayari kwa kazi.

Nimejaza upya. Nimeandika USIGUSE. Nimeikalia ndoo mwenyewe hadi saa ya kufunga. Wagonjwa wawili wamenipa pole wakidhani naumwa jino.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya maangamizi. Nitaandika haraka.

Saa mbili asubuhi: jike mmoja amezaa. Gapi hatagi mayai, anazaa watoto hai, tena wanaogelea papo hapo. Nilijua! Ni kwenye daftari! Lile doa jeusi chini ya tumbo lake ndilo lilikuwa dalili. Nililiona nikafikiri ni pambo.

Saa mbili na dakika tano: mama mzazi amegeuka akala mmoja. Wa pili amekula Chonge. Meno ya Maziwa wakajiunga.

Nilihitaji vyombo, haraka. Chumba cha matibabu kilikuwa kitupu. Pale karibu na kile kiti kikubwa kuna vikombe vya karatasi. Nikachukua kimoja, nikachota watoto mmoja mmoja. Ishirini na sita! Wadogo kuliko punje ya mchele, macho matupu na mkia. Kengele ya mapokezi ikalia, nikakirudisha kikombe mahali nilipokitoa, nikaenda. Ndiyo. Mahali ambapo mgonjwa huwekewa maji ya kusukutua.

Daktari msaidizi anayetibu wakati daktari hayupo, mtu mpole sana, akamwingiza mgonjwa, akamaliza kazi yake, akamwambia sukutua. Yule mama akainua kikombe hadi mdomoni. Akasita.

"Daktari," akasema, "haya maji yana macho."

Kelele zilisikika hadi barabarani. Kikombe nimekipokea hewani. Hakuna aliyekufa, si samaki wala watu. Lakini Dada Subiri amelazimika kumpepea yule mama kwa daftari la miadi, na daktari msaidizi amekunywa maji, kutoka kwenye chupa, baada ya kuikagua kwenye mwanga.

Watoto sasa wako kwenye bakuli chini ya meza ya mapokezi. Dada Subiri ameinama akawatazama, akaniuliza Pengo ni dume au jike. Nikasema dume. Akauliza wageni ni akina nani hasa. Nikaenda chooni.

Kesho daktari anarudi. Aliniachia saba, atakuta thelathini na tano. Mtu anaweza kufukuzwa kwa kuzidisha?

Ijumaa, 14 Machi

Alikuja saa tatu, na begi lake bado mkononi. Chumba kimejaa. Kinyozi wa jirani alikuwa amekaa karibu na tangi, shavu limevimba kama andazi, anaguna.

Daktari akainama mbele ya kioo. Akahesabu kwa midomo. Kisha akasema, taratibu, kwamba pengo la juu limehamia chini.

Daktari wa meno! Ningewezaje kumdanganya juu na chini!

Nilifungua kinywa nikitegemea kisitoke kitu, kama kawaida. Yakatoka yote. Sponji, sabuni, kokoto, maziwa, kiberiti. Nikaeleza matamvua. Nikaeleza vijidudu wanaokula sumu. Nikaeleza kibofu cha hewa na mahali pake halisi, nikionyesha kwa kalamu juu ya kioo. Nikamwomba msamaha Pengo, kisha daktari, kisha yule mama wa kikombe, ambaye hata hakuwepo. Nadhani nilisema dakika kumi bila kupumua. Nilipokoma, kinyozi alikuwa ameacha kuguna. Akauliza, "Enhe, na yule wa kioo naye anazaa?"

Daktari akanivuta kando. Akanong'ona kwamba huyo niliyemuua alikuwa Pengo wa tatu. Wa kwanza alipokufa, Dada Subiri alilia siku mbili akawaandikia wagonjwa wanne miadi ya saa ileile. Tangu hapo daktari hununua mwingine kimyakimya, na Chonge humalizia mkia. Akaniomba nisimwambie.

Dada Subiri, aliyekuwa nyuma yetu, akasema anajua siku zote. Alinyamaza ili daktari asihuzunike. Wakatazamana. Daktari akasema, "Miaka mitatu, shoga yangu?" Dada Subiri akasema, "Na wewe je?" Wakaanza kucheka, wakashikana mabega. Hakuna aliyenishika mimi bega.

Hukumu: nimepata kazi! Mjomba atafute mdomo mwingine!

Masharti mawili. La kwanza, nisioshe kitu chochote bila kuuliza. La pili, kwa kuwa kinyozi alisahau maumivu wakati nikieleza, kila siku saa nne nisimame mbele ya tangi niwaeleze wagonjwa habari za samaki. Kwa sauti. Kila siku. Wakati mwingine watoto wa shule wataletwa.

Nilitaka kusema hapana. Ikatoka asante.

Jumatatu, 17 Machi

Kinyozi amepona shavu na amenunua tangi. Kubwa, la kioo kizito, la kuweka mbele ya vioo vya kunyolea. Anataka nilipange mimi. Amewaambia wateja wake wote kwamba Jumatano watanyolewa wakitazama samaki.

Fundi wa samaki amenionya, kidole hewani, kwamba tangi jipya hujazwa maji, huwashwa pampu, huachwa wiki tatu hadi nne bila samaki, mpaka vijidudu wajijenge. Wiki tatu za kutazama maji matupu! Yule bwana ni mwema lakini hajui kasi yangu.

Kwa hiyo leo nimejaza maji asubuhi, na mchana nimetia samaki kumi na mmoja. Nimewaamuru wasichafue.

Yapo mambo madogo. Maji yameanza weupe fulani kwa mbali. Nimemwambia kinyozi ni poda yake. Tena kinyozi ameshampa mmoja jina la mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe anakuja Jumapili kumwona. Huyo samaki ana doa jeupe begani. Samaki hana bega, ni pale nyuma ya kifuniko cha matamvua, lakini nimemwelewa.

Nimepita kwa fundi jioni. Ana wengine wawili wenye doa kama hilo, mahali palepale. Nimemwomba aniwekee wote wawili.

Safari hii nimejipanga.